Wimbo Uliotoka Gatruni

Wiki iliyopita mliniacha kwenye mlango wa hema la Mama Gaishena, kilemba kimenifunika uso hadi chini ya macho, nikimpa salamu za mwanawe kutoka Libya.

Salamu za uongo. Mwanawe, Algabid, rafiki yangu tangu tukichunga mbuzi, nilikuwa nimemwacha chini ya udongo kwenye machimbo ya dhahabu ya Djado, kaskazini mwa Niger, tulikokwenda pamoja. Miezi kumi na minne nilikuwa namwambia mama yake kwamba kijana yuko salama ng'ambo ya mpaka, kazi anapata, anawasalimu nyote.

Wasomaji wengi wamenilaani. Mmoja kaandika kwamba mtu kama mimi hafai kupewa hata maji. Asome kwanza ya leo.

Leo nasimulia siku ya tamasha.

Kila Februari, wakati wa baridi, wapiga magitaa wa jangwani hukusanyika kwenye bonde la Tin-Eghras, mwendo wa saa sita kwa gari kutoka mji wa Agadezi. Mwaka ule bendi yetu ilialikwa kwa mara ya kwanza. Tulikuwa wanne. Mimi na Ekhya tulipiga magitaa, Hamadede alipiga ngoma, na Assalama, dada yake Algabid, aliimba.

Bendi aliianzisha Algabid. Gitaa la kuongoza lilikuwa lake yeye, nami nikakaa mahali pake. Na Assalama nilitaka kumwoa. Hayo mawili yawekeni pamoja mnaponisoma.

Kambi yetu haiko mbali na bonde lile. Tulitoka alfajiri, pikapu ya Hamadede imejaa spika, mikeka na mbuzi wa kuchinja. Mama Gaishena alikaa mbele. Alikuwa hajatoka kambini tangu mwanawe aondoke, kwa hiyo tulishangaa aliposema anakwenda kumsikia binti yake.

Nyuma tulibanana mimi, Ekhya na Assalama. Ekhya ni mtoto wa shangazi yangu, na kwetu mtoto wa shangazi ana ruhusa ya kukutukana kutwa nzima na huna haki ya kununa.

"Amumun kajifunga kilemba kama bwana harusi," Ekhya alimwambia Assalama, akinionyesha mimi. "Hajui kwamba uzuri wake wote ni hicho kitambaa. Siku ukimwona bila kitambaa, rudisha mahari."

"Hajaleta mahari ya kurudisha," Assalama akasema.

"Basi ni mbaya na bahili."

Wakacheka, nami nikacheka nao. Mchanga ulikuwa bado wa baridi, na Assalama alikuwa amejifunika blanketi langu. Kama kuna saa moja ya maisha yangu ningeomba nirudishiwe, ni ile.

Tulifika saa tatu. Jukwaa lilikuwa mbao zilizolazwa juu ya mapipa. Jenereta lilikuwa limeshaanza kukohoa. Wanawake walikuwa wamekaa duara wakipiga ngoma iliyowambwa juu ya kinu, na wanaume juu ya ngamia wakiwazunguka taratibu, kila mmoja akijifanya hajui kwamba anatazamwa. Tulipiga hema letu pembeni, tukachinja, tukafukia mkate kwenye mchanga wa moto, tukaweka birika la chai. Watu waliomjua Algabid walikuja kumuulizia. Niliwajibu wote kwamba hajambo. Mdomo wangu ulikuwa umezoea.

Zamu yetu jukwaani ilikuwa saa tisa. Kwenye saa sita Assalama akaanza kufanya mazoezi, polepole, bila spika. Aliimba wimbo wa kaka yake, ule wa mwanamke aliyehamisha kambi bila kuacha alama yoyote ya kufuatwa. Mimi nilimpigia.

Mtu mmoja aliyekuwa akipita akasimama.

Alikuwa mrefu, koti limejaa vumbi, viatu vya mpira. Alitoa salamu zote kwa utaratibu, akauliza habari za baridi na za mifugo. Kisha akamgeukia Assalama.

"Huo wimbo mmeutoa wapi?"

Assalama akamjibu kwamba ni wimbo wa kaka yake.

"Basi kaka yako namjua," yule mtu akasema. "Au namjua aliyemwibia wimbo."

Mkono wangu ukaacha nyuzi.

Mama Gaishena alikuwa amejilaza kwenye mkeka. Aliinuka akakaa. Alimtazama yule mtu, kisha akatamka jina moja tu, la mwanawe.

"Algabid."

Alilitamka taratibu, kama mtu anayejaribu kusimama baada ya ugonjwa mrefu.

Yule mtu alikuwa dereva wa lori, jina lake Barkai, anayepeleka tende na mikeka kati ya Libya na kwetu. Alikaribishwa akakaa, akapewa chai, akaeleza. Huko Gatruni, kusini ya Libya, kuna uwanja ambako malori huziba pancha. Kwenye uwanja huo kuna kijana kilema anayetembea kwa gongo. Jina lake hasemi. Watu humwita Agadezi tu, kwa vile anaongea kama watu wa kwetu. Kazi ikiisha huchukua gitaa bovu la mwenye uwanja na kuimba. Na wimbo anaourudia kila siku, Barkai alisema, ni huo huo, wa mwanamke na kambi.

Assalama alikuwa analia bila sauti, lakini ni mtu wa kupima mambo. Alisema wimbo ule wameuimba kwenye harusi zaidi ya mwaka mzima kabla kaka yake hajaondoka, watu wamerekodi kwenye simu, unaweza kuwa umefika popote.

Mama yake akauliza swali lake. "Anapiga kwa mkono gani?"

Algabid hutumia mkono wa kushoto. Sote tulimtazama dereva.

Barkai alifikiri kwa uaminifu. "Mama, nisikudanganye. Sikutazama mkono. Nilikuwa nasubiri tairi langu."

Mama Gaishena akanigeukia mimi.

"Mwezi uliopita uliniambia yuko Tripoli. Anajenga nyumba."

"Labda amehama, mama. Huko watu wanahamahama."

"Na mguu?"

"Habari za mguu hakunipa."

Alinitazama mpaka nikapandisha kilemba ambacho tayari kilikuwa juu. Kisha akamuuliza Barkai anaondoka lini. Barkai akasema lori lake liko upande wa pili wa bonde, limeshapakiwa, na anaondoka leo kabla jua halijazama. Safari ni siku tano, Mungu akipenda. Kama kuna mtu anataka kwenda kumwona kijana huyo kwa macho yake, nafasi ipo.

"Nitakwenda mimi," Mama Gaishena akasema.

Hamadede akamkumbusha umri wake na jangwa lililoko katikati. Mama akamwambia hilo jangwa amezaliwa nalo.

Nilijitolea kumsindikiza Barkai. Nilitaka kujua mwenyewe. Tulitembea kati ya ngamia mpaka tulipokuwa peke yetu, nikamuuliza kama yule kilema aliwahi kusema aliumiaje.

Barkai akasita. "Mbele ya mama sikutaka kusema. Aliniambia ni udongo. Alikuwa anachimba dhahabu Djado, shimo likamwangukia, mguu ukakwama chini ya jiwe. Alikaa humo siku mbili. Wauza maji walimsikia, wakamfukua, wakaondoka naye mpaka Libya. Huko ndiko mguu ulikokatwa."

Nilimuuliza kama kijana alikuwa peke yake shimoni.

"Alikuwa na mwenzake juu, kwenye kamba. Aliondoka."

"Alimtaja jina?"

"Nilimuuliza. Alisema jina hilo akilitamka mdomo unamchafuka."

Barkai aliniaga, akaenda kukagua matairi yake. Mimi nilibaki nimesimama pale, na nyuma yangu umati ulikuwa unapigia makofi bendi nyingine.

Sasa ndugu msomaji, nina jambo la kurekebisha. Wiki tatu zilizopita niliwaandikia kwamba udongo ulipoanguka nilimwita Algabid na hakuitika, nikajua amekufa, nikaondoka nikilia. Niliwadanganya na nyinyi.

Aliitika.

Nilivuta kamba ikaja nyepesi, mwisho wake umekatika. Nikainama nikaita. Kutoka chini akasema, "Amumun, mguu wangu." Alisema vizuri kabisa, kama mtu aliyekwaruzwa. Wakati huo huo watu wakaanza kupiga kelele kwamba majambazi wanakuja. Upande wa kaskazini kulikuwa na vumbi la magari. Wachimbaji wakakimbilia malori. Akaniita tena, "Amumun, usiondoke."

Nikaondoka. Nilijiambia nitarudi jioni.

Siku ya nne, nikiwa njiani, nilisikia kwamba yale magari hayakuwa ya majambazi. Yalikuwa ya wauza maji. Hata hapo ningeweza kugeuza. Nilihesabu moyoni siku ambazo mtu anaweza kuishi bila maji, nikaona hesabu imekubali kwamba amekufa, nikaendelea na safari.

Hiyo ndiyo kweli yake. Kumbe wakati mimi napiga hesabu, yeye alikuwa ameshatolewa, amelazwa nyuma ya gari la maji, hai.

Mtu mwingine angefurahi. Rafiki yake yu hai. Mimi nilikaa kwenye mchanga, na neno la kwanza lililonijia lilikuwa: atarudi.

Saa tisa tulipanda jukwaani.

Assalama aliomba kipaza sauti kabla hatujaanza. Aliwaambia watu kwamba kwa zaidi ya mwaka hajamwona kaka yake, na leo huenda amepata habari zake, na wimbo huu ni wake. Umati ukaguna kwa huruma. Wanawake wakapiga vigelegele. Akanitazama nianze.

Nilianza mahali pasipo penyewe. Nikaanza tena, nikapotea. Ekhya akadaka wimbo kutoka upande wake, akauchukua wote, akanifunika ili watu wasijue. Assalama aliimba kama ninavyomjua, na karibu yangu nilisikia anavuta pumzi kwa shida alipofika kwenye ubeti wa pili. Mimi nilishika gitaa tu. Tulivyomaliza watu walisimama wote.

Tukashuka. Assalama akakimbilia kwa mama yake. Ekhya akanishika mkono akanipeleka nyuma ya jenereta, ambako mtu hasikiki.

Nilidhani atanitania. Hakunitania.

"Una nini wewe? Watu wamepata habari za mwenzao, wewe unatetemeka kama aliyeonwa anaiba."

Nikamwambia. Sijui kwa nini nilimwambia yeye na siku ile. Labda kwa vile jenereta lilikuwa linapiga kelele, nikaona kama nasema na sisemi. Nilimwambia kamba, udongo, vumbi, magari ya maji. Nilimwambia pia aliyoniambia Barkai.

Ekhya alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Sauti yake uliisikia?"

"Niliisikia."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili."

Nilitegemea anipige. Ningeshukuru. Alifungua kilemba chake, akajifuta uso, akakifunga tena polepole.

"Nenda kwa mama," akasema mwishowe. "Mwambie yote, kama ulivyoniambia mimi. Lori linaondoka kabla ya magharibi."

"Assalama je?"

"Unaniuliza mimi habari za Assalama?"

Akaondoka.

Nilikwenda. Nataka mjue kwamba nilipokuwa natembea kwenda kwenye lile hema, nilikuwa na nia ya kusema. Nilikuwa nimeshapanga neno la kwanza.

Mama Gaishena alikuwa peke yake. Amefunga kibuyu cha maziwa, blanketi na tende kwenye mfuko wa ngozi, amekaa juu yake kama msafiri kamili. Assalama na Hamadede walikuwa wamekwenda kutafuta maji ya safari.

"Kaa," akaniambia.

Nikakaa, kwa adabu, nusu nimempa ubavu, kama kijana anavyokaa mbele ya mama wa msichana anayemtaka. Nikasema, "Mama, nina neno."

"Lako litangoja. Tangulia kusikia langu."

Akaniambia kwamba alijua tangu mwanzo. Salamu ya kwanza niliyomletea, miezi kumi na minne iliyopita, nilisema mwanawe kamwambia "mama yangu mpenzi, usiwe na wasiwasi". Algabid, alisema, hajawahi kumwita mama maishani. Alilelewa na bibi yake, na alizoea kumwita mama yake kwa jina, Gaishena, kama dada. Mtu aliyetunga salamu ile hakulijua hilo, au alilisahau kwa hofu.

"Nikajua amekufa," akasema. "Na nikajua wewe ulikuwepo. Hujaona kwamba jina lake sikulitaja hata siku moja?"

Sikuwa nimeona. Kwetu marehemu hatajwi jina. Mwaka na zaidi nimekaa kwenye hema la yule mama nikinywa maziwa yake, naye ananiuliza "yule kijana hajambo", nami sikuona.

Nilimuuliza kwa nini aliniacha niendelee.

"Kwa ajili ya binti yangu. Kaka yake alipoondoka aliacha kula. Ulipoleta uongo wako, akala. Nikasema basi, aendelee kuleta, mpaka msichana apate nguvu za kuisikia kweli. Mimi nilimlilia mwanangu peke yangu, huko nyuma ya mbuzi, mpaka nikamaliza." Akashika mfuko wake. "Leo mtu huyu kaja kanifungulia tena kidonda. Na mimi nimekwenda nikafunga mizigo kama mwendawazimu. Kwa hiyo nitakuuliza jambo moja, Amumun, na hili usinidanganye. Nimekusamehe mengine yote."

Nje bendi ya vijana ilikuwa inapiga. Hema lilikuwa linacheza kwa upepo.

"Ulimwona amekufa? Kwa macho yako?"

Neno nililolipanga lilikuwa pale, kwenye ulimi. Nilikuwa na mambo mawili ya kusema na yote yalikuwa mafupi. La kwanza lilikuwa hapana, la pili kwamba aliniita nikamwacha.

Nikafikiria siku tano za lori na mama yule juu ya mizigo, baridi ya usiku, visima vilivyo mbalimbali. Nikajiambia kwamba naogopea maisha yake. Hilo nililifikiria, ni kweli. Lakini hilo lilikuja la pili. La kwanza nilimwona Algabid akishuka kwenye gari kambini kwa gongo lake, Assalama amesimama mlangoni, na kaka yake anafungua mdomo kusema.

"Nilimwona, mama," nikasema. "Nilimfunika kwa mikono yangu."

Hakulia. Akauliza kama nilimwelekeza kibla. Nikasema ndiyo. Akauliza kama kuna jiwe nililoliweka. Nikasema ndiyo, mawili. Kila alilouliza nilimpa, na kila jibu lilikuja kwa urahisi kuliko lililotangulia.

"Basi," akasema. "Kumbe ni kilema wa watu wengine. Mungu amtunze, na mama yake pia." Akaufungua mfuko, akaanza kutoa tende moja moja na kuzirudisha kwenye sahani. "Jina lake lisitajwe tena."

Assalama aliporudi na maji, mama yake alimkalisha akamwambia. Nilikuwa nje, nikasikia madumu yakianguka. Halafu nikasikia anavyolia, na yale sitayaandika.

Habari zikazunguka tamasha kwa muda mfupi. Watu wa kambi yetu na za jirani wakaanza kuja, wanaume wakikaa upande huu, wanawake upande ule. Mtu akaleta birika, mwingine sukari, mwingine mbuzi. Wazee walinishika mkono wakinipa pole kama mfiwa. Waliniambia nimebeba mzigo mzito peke yangu ili mama asiumie. Walinisifu. Mzee mmoja akasema vijana wenye moyo kama wangu wamekwisha. Na huku tamasha linaendelea, maana jangwa ni kubwa na si wote waliomjua marehemu, magitaa yanalia ng'ambo ya mchanga na watu wanacheza.

Ekhya akaja. Alipita katikati ya watu bila kumsalimu mtu, akanisogelea.

"Nimesikia umemzika," akasema kwa sauti ya chini.

Nikamwambia mama asingeweza safari ile.

"Usinieleze."

"Utamwambia?"

Akatazama upande wa wanawake. Mama Gaishena alikuwa amekaa wima, Assalama amelaza kichwa mapajani mwake.

"Nikimwambia sasa hivi na kumbe dereva kakosea, nitakuwa nimemfufulia mwanawe ili amzike mara ya pili. Siwezi. Nakwenda Gatruni mwenyewe. Siku tano kwenda, siku tano kurudi. Nikimkuta ndiye, nitamleta hata kwa mgongo, na atakayosema atayasema yeye."

"Ekhya, mimi ni ndugu yako."

"Ndiyo," akasema. "Na huo undugu sijui niupeleke wapi."

Hakuchukua kitu ila blanketi na gitaa. Nilimwona akivuka bonde, akapita kando ya jukwaa, akapanda juu ya lori la Barkai, akakaa kati ya mikeka, uso ameelekeza mashariki. Hakugeuka. Lori likanguruma, likapinda kwenye jiwe kubwa, vumbi lake likabaki limesimama hewani kwa muda.

Siku kumi.

Nilikuwa bado nalitazama vumbi lile Hamadede aliponigusa bega. Macho yake yalikuwa mekundu. Alisema mama ananiita, na watu wote wako tayari.

Nilikwenda. Walikuwa wameniachia nafasi katikati, kwenye mkeka mzuri kuliko yote. Watu arobaini, pengine hamsini. Assalama alikuwa ameinua kichwa. Alinitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama, kama mtu anavyomtazama yule anayemwamini kuliko wote duniani, na nikajua kwamba kuanzia saa ile nikimwomba tuoane hatakataa.

Mama Gaishena akasema watu hawa walimpenda mwanawe na hawakupata kumzika. Akasema niwaeleze, mwanzo mpaka mwisho bila kuruka, jinsi alivyokufa, na neno lake la mwisho lilikuwa nini.

Upande wa pili wa bonde magitaa yalinyamaza, jenereta limezimika. Nikasikia moto wa chai.

Nikashusha kilemba mpaka kidevuni ili wanisikie vizuri, nikafungua mdomo, nikaanza.